Sura ya Nne: Kutoka Mandvi hadi Chokocho

Robota la kaniki lililofungwa Mandvi, bandari ya Kachchh huko magharibi mwa India, halikufika Chokocho kwa safari moja. Lilipakiwa jahazini kaskazi ikivuma, miezi ya Disemba na Januari, likateremshwa Unguja. Tajiri wa mjini akalitoa kwa mali kauli kwa mwenye duka wa Chake Chake: mzigo unachukuliwa leo, bei inaandikwa daftarini, malipo yanangoja msimu. Mwenye duka akaugawa mzigo, fungu moja akampa mchuuzi wa shamba kwa sharti lile lile. Mchuuzi naye akampimia nguo na mchele mwenye mikarafuu, ambaye mkononi hakuwa na kitu ila miti yake ilikuwa inakaribia kuzaa. Karafuu zilipochumwa, zikachambuliwa makonyo na kukauka kwenye majamvi, zilipanda ngazi ile ile kurudi juu: Chake, Unguja, Bombay.

Chokocho iko kusini mwa Pemba, katika wilaya ya Mkoani, upande wa bahari inayoelekea Kisiwa Panza. Nimeichagua kwa sababu vijiji kama hiki ndivyo vilivyokuwa kipandio cha mwisho cha ngazi hiyo. Katika Mji Mkongwe wa Unguja waliishi Wahindi kwa maelfu, na pale ni vigumu kutenga kile walichojiwekea wenyewe na kile kilichopokewa na majirani zao. Shamba ni tofauti. Wahindi huko walikuwa wachache mno, na mambo yao hayangeota mizizi kama wenyeji wasingeyataka.

Mwaka 1953, mwanajiografia wa Sweden, Torsten Hägerstrand, alitoa tasnifu juu ya namna mambo mapya yanavyoenea. Alifuatilia vitu kama simu, magari na ruzuku za wakulima katika wilaya za vijijini, akaonyesha kwamba mtu huiga zaidi yule anayekutana naye mara kwa mara, na kwamba umbali hupunguza kasi ya kuiga. Waliomfuata walipanga njia tatu: mtu anahama na desturi yake, desturi inapita kutoka jirani hadi jirani, desturi inashuka kutoka mji mkubwa hadi mdogo, kisha kijijini. Huko Pemba, njia zote tatu zilifanya kazi. Lakini ukiniuliza ni kitu gani kilichozifunga pamoja, nitakujibu ni deni. Mteja wa fedha taslimu hununua akaenda zake. Anayedaiwa hurudi: kupunguza deni, kuongeza, kuomba asubiriwe, kuuliza bei ya karafuu. Katika kurudi huko ndiko alikojua lugha ya dukani, akaona kinachopikwa nyuma ya duka, akasikia kinachopigwa kwenye santuri.

Uhusiano wenyewe na Asia ni wa kale kuliko duka lolote. Kaskazini mwa kisiwa, wanaakiolojia walichimbua mabaki ya vijiji vya Tumbe na Chwaka na kuchambua punje zilizoungua mekoni. Tumbe, katika karne ya 8 hadi ya 10, watu walitegemea zaidi uwele. Chwaka, kuanzia karne ya 11, mpunga umeshika nafasi kubwa. Mpunga huo asili yake ni Asia, na leo hakuna anayeuita mgeni katika mabonde ya Pemba. Nataja hili kwa sababu wapo wanaodhani mambo ya India yaliingia visiwani na masultani wa Oman. Masultani waliyakuta.

Kilicholetwa na karne ya 19 ni mtaji. Sayyid Said, mmoja wa masultani hao, alipoifanya Unguja kuwa makao yake, ushuru wa forodha ulikodishwa kwa kampuni ya Jairam Shivji, mfanyabiashara wa Kibhatia kutoka Kachchh, na kwa miongo kadhaa ikawa hata ikulu inadaiwa naye. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha mikarafuu ya Unguja, Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, na tangu hapo kisiwa hiki ndicho kinachotoa sehemu kubwa ya karafuu. Fedha za Wahindi zikafuata karafuu. Tusifiche kwamba waliozichuma, mpaka utumwa ulipopigwa marufuku Zanzibar mwaka 1897, walikuwa zaidi watumwa, na kwamba mkopo wa mfanyabiashara ndio uliowezesha shamba lenye watumwa kuendelea. Njia iliyoleta kitambaa na viungo ililipiwa pia kwa jasho la watu hawa, na historia ya utamaduni isiyowataja ni pungufu.

Baada ya utumwa ikaja rehani. Mwenye shamba aliyeshindwa kulipa alihatarisha mikarafuu yake. Mwaka 1934 serikali ya Kiingereza ilitunga sheria za kuzuia ardhi ya Waarabu na Waafrika isihamie kwa Wahindi, na India ikamtuma K. P. S. Menon kuchunguza. Mwaka 1937 ununuzi wa karafuu ulipowekwa mikononi mwa Chama cha Wakulima wa Karafuu, wafanyabiashara wa Kihindi waligoma, na chama cha Congress huko India kikaitisha mgomo wa kutonunua karafuu za Zanzibar. Suluhu ilipatikana 1938. Pande zote zilisema zinamtetea mkulima, lakini sauti ya mchumaji wa Pemba ni adimu mno katika kumbukumbu za mgogoro ule.

Sasa tuangalie kilichopita na kilichozuiliwa. Ndoa hazikupita kwa wingi. Khoja, Bohora, Banyani, kila jamaa ilikuwa na pa kuabudia na watu wake wa kuozana nao, na mpaka huo ulilindwa kwa ukali uliowaumiza wengi. Chakula kilivuka, kwa sababu chakula hakihitaji ruhusa ya wazee. Kilibadilika kikivuka: chapati ya Pemba ni ya unga mweupe, inapakwa mafuta na kukunjwa tabaka kwa tabaka, karibu zaidi na parata kuliko mkate mkavu wa nyumba ya Kigujarati. Chooko zikatiwa nazi. Sambusa na bajia zikawa futari ya Ramadhani. Nguo pia: kanga zilichapishwa Ulaya na India, na kuanzia 1887 duka la Kaderdina Hajee Essak huko Mombasa likawa mashuhuri kwa kanga, hata za misemo. Muziki ukafuata. Mwaka 1928 mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, Siti binti Saad, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na sauti ya Kiswahili ikarudi mashamba kwa njia ile ile iliyoleta kaniki. Rupia nayo ilikuwa fedha halali ya visiwa mpaka 1936, shilingi ilipoipokea.

Mapinduzi ya Januari 1964 yaliikata ngazi. Wahindi wengi waliondoka Zanzibar kuelekea Dar es Salaam na Mombasa, kisha Uingereza na Kanada. Biashara ya karafuu ikawa ya dola, kupitia Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC. Hapo ndipo nadharia ya Hägerstrand ilipopata jaribio lake halisi, maana waliokuwa wakiigwa hawakuwapo tena kwa wingi. Chapati haikuondoka nao. Ilikuwa imeshakuwa ya mama muuza chakula barabarani, na mwanawe alijifunza kwake, si kwa Mhindi.

Waliohama nao hawakuondoka mikono mitupu. Miongoni mwa Khoja wa Zanzibar ilikuwapo Kikachchh iliyochanganywa na Kiswahili mpaka ikawa lugha ya nyumbani, na wakongwe wao wangali wakiizungumza ughaibuni. Muhogo, ambao babu zao walijifunza kuula pwani ya Afrika Mashariki, ulikwenda nao Uingereza. Katika mikahawa ya Kihindi ya Leicester na ya Wembley, London, unauzwa ukiwa umekaangwa na kutiwa pilipili na ndimu, kwa jina la mogo.