Mapovu Yanayomsaidia Njiti Kupumua

Hapa Mzumbe nimeshaisikia zaidi ya mara moja: mgonjwa akiwekewa oksijeni, ujue ndio basi tena. Kauli hiyo ikimfikia mama aliyejifungua njiti, anaweza kukataa tiba ambayo mwanawe anaihitaji. Mimi nasoma ualimu, si udaktari, lakini jambo hili linaelezeka.

Njiti ni mtoto aliyezaliwa kabla ya wiki 37 za ujauzito. Akiwahi sana, mapafu yake yanapungukiwa na ute unaozuia vifuko vya hewa visijifunge. Chukua puto jipya: kulifungua mara ya kwanza ndiyo kazi, likishafunguka linajaa kirahisi. Kwa njiti, kila pumzi ni puto jipya, mpaka anachoka.

Njia moja ya kumsaidia ni kupitisha mpira kooni hadi kwenye njia ya hewa, mashine imsukumie pumzi. Inaokoa walio hoi, ila inaweza kuumiza mapafu laini. Mwaka 1971, George Gregory na wenzake kule San Francisco walionyesha njia ya upole zaidi: mtoto apumue mwenyewe, huku mgandamizo mdogo wa hewa ukizuia mapafu yasijifunge. Hiyo ndiyo CPAP.

Aina yake rahisi ni ya mapovu. Hewa yenye oksijeni inapita puani, na mpira wa kutolea hewa unazamishwa kwenye chupa ya maji. Ukizama sentimita 5, mgandamizo ni wa sentimita 5 za maji. Mapovu yakikoma, muuguzi anajua huenda hewa inavuja mahali.

Katika utafiti wa Blantyre, Malawi, uliochapishwa mwaka 2014, wachanga wenye shida ya kupumua waliopona kwa mapovu walikuwa asilimia 71. Waliopewa oksijeni ya kawaida, asilimia 44. Kwetu, Taasisi ya Afya Ifakara, yenye asili humu humu mkoani Morogoro, inashirikiana na NEST360 kuimarisha huduma za wachanga hospitalini.

Upole huo unataka macho, jamani. Oksijeni ikizidi inaweza kuharibu macho ya mtoto, pua huchubuka, na umeme nao hukatika. Bila muuguzi wa kutosha zamu, chupa inabaki chupa tu.

Kwa hiyo dada yako akikupigia kwamba njiti wake kaunganishwa kwenye mapovu, usimpe pole ya msiba. Mwambie awaulize wauguzi mtoto anaendeleaje, na lini ataweza kumbeba kifuani, ngozi kwa ngozi.