Taarifa ya Kwanza Hutoka kwa Polisi

Januari 2006 wakazi wa Dar es Salaam waliarifiwa kwamba polisi wamewaua majambazi wanne katika majibizano ya risasi maeneo ya Sinza. Ujambazi wa kutumia silaha ulikuwa umewachosha watu wakati ule, na wengi walishusha pumzi. Kisha ndugu wa marehemu wakajitokeza. Watatu kati ya waliouawa walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro; wa nne alikuwa dereva wa teksi aliyewabeba. Rais Jakaya Kikwete, ambaye ndio kwanza alikuwa ameingia Ikulu, aliunda tume chini ya Jaji Mussa Kipenka. Ikabainika kwamba hapakuwa na majibizano yoyote. Watu wale walikamatwa wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande nje ya jiji, wakapigwa risasi huko.

Watanzania huiita kesi ya Zombe, kwa jina la Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa mkoa, ingawa yeye aliachiwa huru na Mahakama Kuu mwaka 2009 na tena na Mahakama ya Rufani mwaka 2016. Aliyetiwa hatiani katika rufaa hiyo, na kuhukumiwa kunyongwa, ni Christopher Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wa Kinondoni. Koplo aliyetajwa kuwa ndiye aliyefyatua risasi alitoroka, na kesi ikasikilizwa bila yeye kuwamo kizimbani. Zaidi ya miaka kumi ilipita kati ya mauaji na uamuzi wa mwisho wa rufaa.

Mengi yameandikwa kuhusu miaka hiyo kumi. Mimi nataka tuitazame siku ya kwanza, kwa sababu ndiyo iliyo mikononi mwa waandishi wa habari.

Mtu anapofia mikononi mwa polisi, karibu kila kinachoweza kueleza kifo hicho huwa mikononi mwao pia: maiti, silaha inayodaiwa kukutwa, mashahidi, kitabu cha matukio cha kituo. Mwandishi wa habari za uhalifu anamtegemea kamanda yule yule kwa habari ya leo, ya kesho na ya mwaka mzima. Akiuliza sana, mara nyingine hapigiwi simu. Mhariri naye anasubiri habari kabla gazeti halijaenda mtamboni. Hapo ndipo dai la upande mmoja linapogeuka kuwa tukio. Kichwa cha habari kinatangaza kwamba majambazi wameuawa. Maneno “polisi wanasema” yanakuja aya ya tatu, kama yanakuja kabisa. Marehemu amekwisha kupewa hatia ambayo hakuna hakimu aliyeitamka, na mjane wake anaisoma hatia hiyo pamoja na majirani.

Kenya imetupa mfano wa karibu zaidi. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwandishi wa mitandaoni, alikamatwa Homa Bay kwa sababu ya maandishi yaliyomhusu Naibu Inspekta Jenerali Eliud Lagat. Alisafirishwa hadi Nairobi akafungiwa Kituo Kikuu cha Polisi, na kabla hakujapambazuka alikuwa amefariki. Polisi walisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Maelezo hayo yangeweza kuzikwa naye. Lakini wanapatholojia watano, wakiongozwa na Dkt. Bernard Midia, waliuchunguza mwili wakakuta majeraha ya kichwa, dalili za shingo kukabwa na michubuko sehemu nyingi, mambo ambayo mtu hawezi kujifanyia kwa kujigonga ukutani. Mamlaka Huru ya Kusimamia Utendaji wa Polisi, IPOA, ikawaeleza maseneta kwamba kamera za kituo zilikuwa zimechezewa. Inspekta Jenerali Douglas Kanja akaomba radhi mbele ya Seneti. Maofisa walioshtakiwa kwa mauaji wamekana, na mahakama ndiyo itakayoamua juu yao. La ukutani, hata hivyo, lilikuwa limeanguka ndani ya siku tatu.

Lilianguka kwa sababu daktari alisema alichokiona, na kwa sababu Kenya ina sheria ya mwaka 2011 iliyoiunda IPOA, chombo cha kiraia chenye mamlaka ya kuchunguza vifo vinavyotokea mikononi mwa polisi. Chombo hicho kina udhaifu wake. Hukumu zilizotokana na kazi yake ni chache, na mashahidi wanaogopa, tena wana sababu ya kuogopa: wakili Willie Kimani aliuawa mwaka 2016 pamoja na mteja wake na dereva wao wa teksi baada ya mteja huyo kumshtaki ofisa wa polisi aliyempiga risasi. Hata hivyo kuwapo kwa IPOA kunampa mwandishi mlango wa pili wa kubisha. Tanzania mlango huo haupo. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora inaweza kuchunguza na kutoa mapendekezo, lakini hakuna chombo huru kilichoundwa mahsusi kulisimamia Jeshi la Polisi, na kwa kawaida askari huchunguzwa na askari wenzake. Naliona hili kuwa pengo kubwa.

Wapo wanaoamini kwamba simu zenye kamera zimelimaliza tatizo. Machi 2017 video ilisambaa ikimwonyesha ofisa mmoja akiwapiga risasi vijana wawili mchana kweupe huko Eastleigh, Nairobi, wakiwa tayari wamedhibitiwa. Hakuna aliyehitaji kusimuliwa. Na bado wapo wengi waliompongeza, kwa kuwa mitaa yao ilikuwa imechoka kuporwa. Siwacheki watu hao. Aliyewahi kuwekewa bastola kichwani anajua uchungu wao. Lakini vyombo vya habari vinavyomwita ofisa wa namna hiyo shujaa vinasahau kwamba waliouawa Pande nao waliitwa majambazi, na kwa neno hilo vifo vyao vilikubalika hadi ndugu zao walipofunga safari kudai ukweli.

Basi mhariri anayepokea taarifa ya kifo cha aina hii aiandike kama dai, kuanzia kichwa cha habari. Amuulize kamanda tukio liliingizwa saa ngapi katika kitabu cha kituo na nani aliliandika, mwili umepelekwa hospitali gani, nani ataufanyia uchunguzi, na kama familia itaruhusiwa kuleta daktari wake. Asipojibiwa, aandike kwamba hakujibiwa. Na wiki mbili baadaye amtume mwandishi yule yule arudi kituoni na maswali hayo hayo.