Kibao Shingoni Hakifunzi Lugha

Wahenga walinena kwamba mcheza kwao hutunzwa. Anayetunzwa ni mcheza ngoma, na anayemtunza ni yule anayeijua ngoma hiyo. Hekima hii tumeipuuza mno katika ufundishaji wa lugha.

Katika kitabu chake, Decolonising the Mind, kilichochapishwa mwaka 1986, marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alisimulia jinsi wanafunzi wa enzi ya ukoloni walivyoadhibiwa kwa kuzungumza Kigikuyu shuleni. Kuna waliochapwa, na kuna waliovishwa shingoni kibao cha chuma chenye maneno ya kuwatusi. Baada ya uhuru, shule kadhaa ziliurithi mtindo huo, hata aliyezungumza Kiswahili siku ya Kiingereza akavishwa kibao. Mtoto alijifunza nini? Alijifunza kunyamaza na kumvizia mwenzake.

Kichocheo cha pili kilikuwa mtihani. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa. Ama kwa hakika, hatua hiyo ilifanikiwa pale ambapo hotuba za kuisifu lugha ya taifa hazikufua dafu. Mwanafunzi aliyekidharau Kiswahili alilazimika kukishika kwa mikono miwili, na wachapishaji nao wakapata soko.

Hata hivyo, alama nazo zina mipaka yake. Yuko mwanafunzi anayekariri methali chungu nzima ili kuipamba insha, kisha akaziacha zote mlangoni mwa chumba cha mtihani. Tusimlaumu. Aliahidiwa malipo kwa kukariri, naye akakariri.

Kichocheo kifaacho ni kile kinachomfanya mwanafunzi aihitaji lugha yenyewe. Insha inayosomwa na mwalimu pekee ina msomaji mmoja, tena msomaji anayesaka makosa kwa kalamu nyekundu. Insha iyo hiyo ikibandikwa kwenye gazeti la ukutani, wenzake wakaisoma na kumuuliza maswali, mwandishi atajitahidi kueleweka. Vivyo hivyo katika mijadala, ngonjera na michezo ya kuigiza: ukumbi ukicheka pale alipokusudia ucheke, mwigizaji ameshapata tuzo yake, na shule haikutumia hata senti moja.

Aidha, mwanafunzi hututazama sisi. Katiba ya mwaka 2010 ilikipa Kiswahili hadhi ya lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Lakini mwalimu anapofundisha ngeli darasani, kisha akaendesha kila mkutano na kuandika kila tangazo kwa Kiingereza, wanafunzi wake huhitimisha kwamba Kiswahili ni cha mtihani tu.

Basi, mwalimu mwenzangu, kabla hujanunua zawadi ya mshindi wa muhula huu, jiulize: ni nani, isipokuwa wewe, atakayesoma aliyoyaandika mwanafunzi wako? Mtafutie msomaji huyo kwanza.