Istilahi za Maonyesho ya Sanaa: Mapokezi, Mchujo na Uteuzi

Miongoni mwa nyaraka zinazohitaji tafsiri iliyo makini ni kanuni za vyama vya wasanii pamoja na fomu za maonyesho yao ya kila mwaka. Msanii anayejaza fomu hizo hulipa ada, hugharimia fremu na usafirishaji, kisha hungojea uamuzi. Neno moja lililotafsiriwa ovyo laweza kumfanya aamini kuwa kazi yake imekubaliwa, ilhali imepokewa mezani tu. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema tueleze kwanza dhana zenyewe, ndipo tupendekeze maneno.

Mfano wa kuanzia ni Royal Academy of Arts ya London, iliyoanzishwa tarehe 10 Desemba 1768 kwa idhini ya Mfalme George III, Joshua Reynolds akiwa rais wake wa kwanza. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika mwaka 1769, na tangu hapo yamekuwa yakifanyika kila mwaka. Baadhi ya watafsiri huiita "chuo". Ni kweli kwamba ina shule ya sanaa ndani yake, lakini msingi wake ni wanachama, yaani wasanii wanaochaguliwa na wasanii wenzao, ambao hati ya mwanzo iliwawekea kikomo cha watu 40. Kwa hiyo twapendekeza *akademia* litumike katika jina rasmi, na *chama cha wasanii* katika maelezo. Aidha, chama cha namna hii kisichanganywe na *chama cha ushirika*, kama kile cha wachoraji wa Tingatinga wa Dar es Salaam, ambao umoja wao umejengwa juu ya kutengeneza na kuuza kazi zao pamoja.

Ama kuhusu tukio lenyewe, *maonyesho* ni neno lililokwisha kuzoeleka. Wananchi hulitumia kila mwaka kwa Maonyesho ya Sabasaba. *Onyesho* libaki kwa mchezo au ngoma inayochezwa mbele ya watazamaji. Kitu kimoja kimoja kilichowekwa ukumbini kiitwe *kionyeshwa*, wingi *vionyeshwa*. Maonyesho mashuhuri ya Paris yalipewa jina la Salon kutokana na ukumbi wa jumba la Louvre yalimofanyikia. Jina hilo liachwe lilivyo, kwa maana tukiandika "saluni" msomaji wetu atafikiria kunyolewa nywele.

Tatizo kubwa zaidi ni jina la kundi la watu wanaoamua kazi ipi ionyeshwe. Maonyesho ya Paris yalianza kuwa na kundi hilo mwaka 1748. Watafsiri wengine hukimbilia mahakamani na kuandika "wazee wa baraza". Tafsiri hiyo haifai. Wazee wa baraza hushauri juu ya shauri lenye mlalamikaji na mshtakiwa, na msanii hakushtakiwa kwa lolote. Twapendekeza *jopo la uteuzi*. Pale ambapo kundi jingine hutoa tuzo kwa kazi zilizokwisha kuteuliwa, liitwe *jopo la tuzo*, hata kama wajumbe ni walewale.

Baada ya hapo hatuna budi kutofautisha hatua nne:

1. *Kupokewa*: kazi imefika na kuandikwa katika daftari. Hapa hakuna uamuzi wowote.

2. *Mchujo*: jopo linapitia kazi zote na kupunguza idadi. Neno hili lina asili ya jikoni, katika kuchuja tui, na hutumika pia katika michezo na uchaguzi.

3. *Uteuzi*: uamuzi wa mwisho kwamba kazi itaonyeshwa.

4. *Upangaji*: kuamua mahali pa kila kionyeshwa. Tusiseme "utundikaji", kwa kuwa sanamu la mti au la jiwe halitundikwi ukutani.

Msomaji asidhani kwamba hatua ya nne ni jambo dogo. Mwaka 1784 mchoraji Thomas Gainsborough, mmoja wa waasisi wa akademia ya London, aligombana na wenzake kuhusu kimo cha kutundikia picha yake ya mabinti watatu wa mfalme. Picha haikuwa imekataliwa. Ubishi ulikuwa juu ya mahali pake. Walipomkatalia aliondoa picha zake, wala hakuonyesha tena hapo. Mtafsiri asiyetenganisha uteuzi na upangaji hawezi kukieleza kisa hiki kikaeleweka.

Lililobaki ni neno kwa kazi isiyoteuliwa. Mwaka 1863 jopo la Paris lilikataa zaidi ya nusu ya kazi zilizopelekwa. Malalamiko yakazidi hata Napoleon III akaamuru kazi hizo ziwekwe mahali pengine ili umma ujionee. Miongoni mwazo ilikuwamo picha ya Édouard Manet ambayo leo ni fahari ya Ufaransa. Katika historia hiyo *zilizokataliwa* ndilo neno sahihi. Lakini katika barua rasmi kwa msanii twapendekeza *haikuteuliwa*, kwani hutaja uamuzi wa jopo la mwaka huo bila kuihukumu kazi yenyewe.

Mwaka 1884 wasanii wa Paris waliunda chama ambacho maonyesho yake hayakuwa na jopo wala tuzo. Maonyesho ya namna hiyo tuyaite *maonyesho huria*, na yale yenye jopo tuyaite *maonyesho ya uteuzi*.

Kwa kufuata mapendekezo haya, kanuni yaweza kusomeka hivi: "Kupokewa kwa kazi si uteuzi, uamuzi wa jopo la uteuzi ni wa mwisho, na ada haitarudishwa." Msanii akiisoma sentensi hiyo ataelewa masharti kabla hajatoa fedha zake. Tunawakaribisha walimu, watafsiri na watumishi wa serikali wayajaribu maneno haya katika kazi zao, watuletee maoni yao kabla hayajasanifiwa.