Umepasuliwa Tumbo: Lini Urudi Kwenye Jembe?

Tuseme kuna mkulima aliyepasuliwa ngiri. Amekaa hospitali siku chache, kisha amerudi nyumbani. Siku ya 10 nyuzi zimetolewa. Kidonda kimekauka, hakiumi sana. Mara mvua inanyesha. Majirani wote wako mashambani. Mkulima yule anatazama jembe lake, anatazama kidonda chake, anasema, "Nimepona." Anakwenda kulima. Baada ya miezi michache uvimbe unarudi pale pale, na sasa anahitaji kupasuliwa tena. Fedha zimetumika mara mbili, na msimu umepotea vile vile.

Mambo kama haya hutokea. Hutokea pia kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, ambaye wiki ya 2 tu anarudi kisimani. Si uvivu wala ubishi unaowaponza. Wamedanganywa na ngozi.

Umewahi kumchuna mbuzi? Kama umewahi, utaelewa upesi. Chini ya ngozi kuna mafuta. Chini ya mafuta kuna utando mweupe, mgumu, unaong'aa. Chini yake kuna nyama, yaani misuli, kisha utumbo uko ndani. Tumbo la binadamu nalo limepangwa namna hiyo. Utando ule mweupe ndio unaozuia utumbo usitoke nje. Daktari anapopasua tumbo hukata ngozi, na mara nyingi hukata utando huo pia. Akimaliza kazi, hushona utando, kisha hushona ngozi peke yake.

Ngozi hushikana upesi. Siku 10 hadi 14 huwa imefunga. Lakini utando ule huchukua wiki nyingi. Katika wiki za kwanza hauna nguvu yake wenyewe. Unashikiliwa na uzi tu. Fikiri gunia bovu lililoshonwa kwa uzi imara. Ukilijaza kupita kiasi, uzi haukatiki. Uzi hukata gunia. Ndivyo inavyotokea tumboni mtu anaponyanyua mzigo mzito mapema. Utando unaachia kidogo kidogo, wala hasikii kitu siku hiyo. Baadaye utumbo unapata mwanya, unasukuma, na ngozi inavimba.

Sasa usielewe vibaya. Kusema usinyanyue mizigo si kusema ulale kitandani. Hili nalo ni kosa kubwa, na pengine ni baya zaidi. Wapo ndugu wenye huruma wanaomwambia mgonjwa asiinuke kabisa, hata chakula analetewa kitandani wiki mbili. Mtu akilala tu, damu hutembea polepole miguuni na inaweza kuganda. Donge la damu likitoka mguuni likaenda mpaka kwenye mapafu, linaweza kumwua mtu kwa ghafla. Vile vile mapafu yasiyofanya kazi huingiwa na kichomi. Utumbo nao hulala, tumbo likajaa upepo.

Ndiyo maana nesi humwamsha mgonjwa mapema, mara nyingi siku ile ile ya upasuaji au kesho yake. Usimkasirikie. Anakuokoa. Huko mijini na katika nchi za nje wapo watu wanaopasuliwa tumbo ili wapunguze unene, na hao nao huamshwa watembee mapema, kisha huzuiwa mizigo kwa wiki kadhaa. Tumbo ni tumbo, liwe la tajiri au la mkulima.

Anza hivi. Ukiwa bado kitandani, kunja na kunyoosha nyayo zako mara nyingi, kana kwamba unakanyaga cherehani. Vuta pumzi ndefu, ishike kidogo, kisha itoe. Fanya mara 10 kila saa ukiwa macho. Ukitaka kukohoa au kupiga chafya, kunja kanga, iweke juu ya kidonda, ikandamize kwa mikono miwili. Maumivu yatapungua na nyuzi hazitavutwa.

Ukitaka kuamka, usiinuke moja kwa moja kama ulivyozoea. Kunja magoti, geuka ubavu, teremsha miguu chini, kisha jisukume kwa mkono. Fanya hivyo hata nyumbani kwa wiki 6. Ni rahisi kusahau usiku mtoto anapolia.

Dawa ya maumivu uliyopewa, imeze kama ulivyoelezwa. Mtu mwenye maumivu makali hatembei wala havuti pumzi vizuri. Lakini usimeze dawa ili ukalime. Hapo unaziba mdomo wa mwili usikuonye.

Nyumbani, zoezi lako la kwanza ni kutembea. Halina gharama. Zunguka nyumba yako mara chache, asubuhi, mchana na jioni. Dakika 5 zinatosha. Kesho kutwa ongeza kidogo. Fika kwa jirani, halafu fika njia panda. Mwisho wa wiki ya 3 au ya 4 watu wengi huweza kutembea nusu saa. Tembea kwa mwendo unaokuwezesha kuzungumza. Ukiona huwezi kumaliza maneno kwa kuhema, punguza mwendo. Wiki za mwanzo chagua njia tambarare. Mlima hauendi popote.

Sasa tuje kwenye mizigo. Hapa tutumie hesabu yetu. Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Kwa hiyo dumu la lita 5 likijaa ni kilo 5. Ndoo ya lita 20 ni kilo 20, na bado hujahesabu ndoo yenyewe. Gunia la mahindi la kilo 100 unalijua. Dumu linaweza kuwa mizani yako.

Wiki 2 za kwanza usibebe kitu kinachozidi birika la chai. Mama aliyejifungua kwa upasuaji anaweza kumbeba mtoto wake mchanga, na huo ndio mzigo wake wa kutosha. Asiongeze ndoo juu yake. Mtoto mkubwa anayetaka kubebwa, mama akae chini kwanza, mtoto apande mwenyewe mapajani.

Kuanzia wiki ya 3 hadi ya 6, kikomo kiwe dumu la lita 5. Fanya kazi za kukaa: kuchambua mboga, kupukuchua mahindi, kushona, kusuka mkeka. Usifagie kwa ufagio mfupi unaokuinamisha. Usitwange. Usikate kuni. Usipande baiskeli. Pikipiki kwenye barabara ya mashimo nayo ni adha. Kama hakuna usafiri mwingine wa kwenda kliniki, mwendeshaji aende polepole, nawe shikilia kanga yako juu ya kidonda.

Watu wengine husema, "Mimi nabeba ndoo kichwani, sibebi tumboni." Ni kweli inakaa kichwani. Lakini ilifikaje kichwani? Pale unapoinama, ukashika ndoo, ukakaza tumbo na kuinyanyua kutoka chini, ndipo utando unapovutwa. Hata mtu akikutwisha, bado unakaza tumbo njia nzima, na ukiteleza unajikaza kwa nguvu zaidi.

Ikifika wiki ya 6, rudi kwa daktari au mganga wa zahanati akutazame. Akiridhika, jaribu lita 10. Baada ya wiki moja au mbili, kama hakuna tatizo, jaribu lita 20. Ukinyanyua, chuchumaa, mzigo uwe karibu na mwili, inuka kwa nguvu za miguu, na toa pumzi wakati wa kuinuka. Usibane pumzi. Anayebana pumzi anasukuma utumbo kwenye mshono.

Jembe nalo lina ngazi zake. Anza na palizi kwenye udongo laini, nusu saa, wakati wa asubuhi. Kisha pumzika siku hiyo. Kesho yake asubuhi kabla hujaamka, sikiliza tumbo lako. Kama halina maumivu mapya, endelea na uongeze robo saa. Kama linauma kuliko jana, rudi nyuma siku 2 au 3. Majibu ya mwili mara nyingi huja kesho yake, si palepale. Kulima ardhi ngumu, kukata miti, kung'oa visiki na kubeba magunia viwe vya mwisho, karibu miezi 3 tangu upasuaji. Hata wakati huo kovu halijawa na nguvu zote za mwili mzima. Gunia libebeni watu wawili.

Wakati unangoja, kuna mazoezi madogo ya tumbo. Lala chali, kunja magoti. Toa pumzi huku ukivuta kitovu kiende ndani, kana kwamba unafunga nguo iliyokubana. Hesabu mpaka 5, achia. Rudia mara 10. Yanaweza kuanza mapema maumivu yanapopungua, nayo huamsha misuli iliyolala. Yale mazoezi ya kuinua kichwa na kifua ukiwa umelala chali, yaache mpaka daktari akuruhusu.

Muda tuliotaja ni wa upasuaji wa kawaida wa tumbo na uzazi. Ngiri ya kinena iliyoshonwa vizuri, hasa ile iliyowekewa wavu, mara nyingi huruhusu kazi nyepesi mapema zaidi. Aliyepasuliwa utumbo, au aliyepata usaha kwenye kidonda, hungoja zaidi. Kwa hiyo isome karatasi uliyopewa hospitalini. Kama mwandiko haukusomeka, uliza kabla hujaondoka: "Nibebe uzito gani, na lini?" Usione haya. Kisha andika tarehe ya upasuaji ukutani kwa chaki, na kila wiki weka alama moja. Vinginevyo wiki 4 utaziita 6, hasa mvua zikiwa zimeanza.

Akina mama tuna neno la ziada kwao. Sehemu nyingi mzazi hukandwa tumbo kwa maji ya moto na kufungwa kanga kwa nguvu. Kwa aliyepasuliwa, kukandwa tumbo ni hatari. Maji ya moto huunguza ngozi ambayo bado haisikii vizuri, na mkono wa mkandaji unaweza kufungua mshono. Mweleze bibi kwa heshima kwamba hospitali imekataza. Anaweza kukukanda miguu taratibu na kukupikia uji, na hapo atakuwa amesaidia sana. Kanga ikifungwa bila kubana, ili kushikilia tumbo unapotembea, haina ubaya. Kuhusu mimba nyingine, ngoja miaka 2 hivi, na uulize kliniki juu ya uzazi wa mpango mapema. Mimba hiyo ikija, kajifungulie hospitali yenye chumba cha upasuaji.

Na nyinyi akina baba, maji yatafika vipi nyumbani katika wiki hizo 6? Hakuna sheria inayosema ndoo ni ya mwanamke. Mkubaliane kabla ya upasuaji nani atateka maji, nani atatafuta kuni, nani atapalilia. Mgonjwa asiyekuwa na msaidizi ataibeba ndoo tu, hata kama amesoma makala haya mara tatu.

Choo kigumu nacho ni mzigo. Kujikamua chooni kunasukuma mshono kama vile kunyanyua ndoo. Kula papai, mchicha, matembele, na kunywa maji ya kutosha. Maharage, dagaa na mayai hujenga mwili unaopona. Kama unavuta sigara, acha. Kikohozi cha mvutaji kinafungua kazi ya daktari, na moshi wenyewe huchelewesha kidonda kupona.

Nenda kituo cha afya upesi ukiona kidonda kinatoa usaha au harufu, kimekuwa chekundu na cha moto, au kimeachia. Nenda pia ukipata homa, ukitapika huku tumbo limejaa, au mzazi akitokwa damu nyingi. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, au ukikosa pumzi ghafla na kifua kikachoma, usingoje kesho.

La mwisho ni kwa wale ambao bado hawajapasuliwa. Kama una ngiri inayoingia ndani ukilala, nenda ukapange na daktari siku ya kupasuliwa. Mwombe, kama inawezekana, iwe mara baada ya mavuno. Ukipasuliwa wakati mahindi yako ghalani, miezi 3 itapita kabla jembe halijakuita. Lakini ngiri ikigoma kurudi ndani, ikawa ngumu, ikauma, nawe ukaanza kutapika, usihesabu misimu. Utumbo umebanwa na unaweza kuoza kwa muda wa saa chache. Nenda hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku, hata kama mbegu ziko mkononi.