Kabla ya Kununua Kitabu cha Kujifunzia XML

Vitabu vya kiada vinavyotumika shuleni hupitiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania na kupewa ithibati kabla ya kumfikia mwanafunzi. Kitabu cha ufundi wa kompyuta kinachouzwa kwa mtu mzima anayejifunza mwenyewe hakina mlinzi wa namna hiyo. Huenda kimeandikwa na bingwa, huenda kimekusanywa na mtu asiyewahi kuandika programu hata moja. Dukani hupangwa rafu moja, na pengine kwa bei moja. Namba ya ISBN iliyo nyuma ya jalada, ambayo wanunuzi wengi huichukulia kuwa muhuri wa ubora, ni namba ya utambulisho tu. Tarakimu 9976 au 9987 zinazofuata 978 huonyesha kuwa namba hiyo ni ya Tanzania. Hazisemi neno lolote juu ya usahihi wa yaliyomo.

XML ni namna ya kuandika data kwa alama zinazoeleza kila kipande ni kitu gani, ili mfumo mmoja uweze kusoma kilichoandikwa na mfumo mwingine. Mlaji hukutana nayo kila siku bila kuiona. Faili la Word lenye kiambishi cha docx ni bunda la mafaili ya XML yaliyobanwa pamoja. Stakabadhi inayotolewa na programu ya duka iliyounganishwa na Mamlaka ya Mapato husafiri kama ujumbe wa XML wenye saini ya kidijiti, na mfumo wa malipo ya Serikali, GePG, ulijengwa juu ya jumbe za aina hiyo hiyo. Kijana aliyehitimu Mzumbe, SUA au chuo cha ufundi stadi, akipewa kazi ya kuunganisha hesabu za zahanati, shule au kampuni ya mabasi na mifumo hiyo, hana njia ya kuikwepa XML. Akijifunza vibaya, jumbe zake zitakataliwa. Nafasi tupu moja tu ikiongezwa ndani ya ujumbe uliokwisha kutiwa saini, saini hiyo haitambuliki tena. Na atakayetakiwa kueleza kwa nini stakabadhi hazikufika ni mwenye biashara.

Mnunuzi makini huanza kwa kutazama mwaka wa toleo. Kwa vitabu vingi vya kompyuta hilo ni jambo la busara, lakini kwa XML mwaka hudanganya pande zote mbili. Kiwango cha XML 1.0 kilitangazwa na W3C tarehe 10 Februari 1998, kikiwa kimechujwa kutoka katika lugha ya zamani zaidi, SGML, iliyopata kuwa kiwango cha kimataifa mwaka 1986. Toleo la tano la XML 1.0 ni la Novemba 2008, na kanuni za msingi hazijabadilika tangu hapo. Toleo la 1.1 la mwaka 2004 halikupata watumiaji wengi, na kitabu kinacholipitia kwa kurasa chache hakijakosea. Kwa hiyo kitabu cha zamani kama XML in a Nutshell, ambacho toleo lake la tatu ni la mwaka 2004, bado ni sahihi katika misingi. Upungufu wake ni kwamba kilitangulia XSLT 2.0 ya mwaka 2007 na 3.0 ya mwaka 2017, pamoja na toleo la 1.1 la lugha ya skima lililotoka 2012. (Tunakitaja kwa mfano wa tarehe, kijitabu hiki hakipendekezi kitabu cha mchapishaji yeyote.) Kwa upande mwingine, kitabu kilichochapishwa mwaka jana kinaweza kuwa na maudhui ya mwaka 1999 yaliyovikwa jalada jipya. Mwaka wa jalada ni wa mpiga chapa. Umri wa maudhui hujulikana kwa kukifungua kitabu.

Abiria anayesubiri basi la Dodoma au Iringa katika stendi ya Msamvu anayo robo saa ya kutosha kufanya hivyo, na muuzaji mwaminifu hatamzuia.

Fungua kwanza sura inayoeleza alama. Kitabu kikikupa orodha ya alama za XML za kukariri, kirudishe mezani. Mwandishi amechanganya XML na HTML, ambayo alama zake zimekwisha kupangwa. Katika XML majina ya alama hubuniwa na anayeandika, na kiwango chenyewe kinaruhusu herufi za lugha nyingi za dunia. Hati ifuatayo ni XML kamili, ingawa haina neno hata moja la Kiingereza:

<tiketi>
  <kutoka>Msamvu</kutoka>
  <kwenda>Dodoma</kwenda>
  <kiti namba="14"/>
</tiketi>

Kisha tafuta jinsi kitabu kinavyotenganisha mambo mawili ambayo wanafunzi wengi huyachanganya: hati iliyoundwa sawasawa na hati iliyo halali. Hati iliyoundwa sawasawa hufuata kanuni za uandishi: kuna elementi moja kuu inayobeba nyingine zote, kila alama iliyofunguliwa hufungwa, zilizo ndani hufungwa kabla ya zilizo nje, na thamani za sifa, kama hiyo 14 hapo juu, hukaa ndani ya alama za kunukuu. Herufi kubwa na ndogo ni vitu viwili tofauti, hivyo <Kutoka>Msamvu</kutoka> ni kosa. Hati halali hutimiza hayo yote, na zaidi ya hayo hulingana na skima, yaani mapatano yaliyoandikwa kwamba tiketi sharti iwe na mahali pa kutoka, mahali pa kwenda na kiti kimoja. Tiketi yetu ikikosa kiti bado imeundwa sawasawa. Mbele ya skima hiyo, haikubaliki. Kitabu kinachotumia maneno hayo mawili kana kwamba ni kitu kimoja kitamwacha msomaji akihangaika siku mfumo wa upande wa pili utakapomrudishia ujumbe wenye alama zote zilizofungwa vizuri.

Angalia pia kama kinasema wazi kwamba programu inayosoma XML, ikikuta kosa la uundaji, haina ruhusa ya kubahatisha na kuendelea kama kawaida. Vivinjari vya intaneti husamehe HTML mbovu. XML haina huruma hiyo, na iliamuliwa hivyo kwa makusudi.

Kipimo cha tatu ndicho tunachokithamini kuliko vyote, kwa kuwa hakihitaji ujuzi wowote; ni macho tu. Tafuta sura ya XSLT, lugha ya kugeuza hati ya XML kuwa ya umbo jingine, na usome anwani iliyo mwanzoni mwa mfano wa kwanza. Iwapo ni http://www.w3.org/1999/XSL/Transform, mwandishi anafundisha kiwango kilichopitishwa Novemba 1999 na kuendelea. Iwapo inaishia na TR/WD-xsl, unachotazama ni rasimu iliyotumika katika Internet Explorer 5 na kuachwa muda mfupi baadaye. Mifano yake haitakwenda popote leo. Ishara nyingine za uzee wa namna hiyo ni skima zenye maneno urn:schemas-microsoft-com:xml-data, na mazoezi yanayomtaka msomaji aweke XML ndani ya ukurasa na kuufungua kwa Internet Explorer, kivinjari ambacho Microsoft yenyewe ilikistaafisha Juni 2022.

Kuhusu usalama, pitia faharasa mwishoni. Kitabu cha miaka ya karibuni kinapaswa kuonya kwamba hati ya XML inaweza kuiagiza programu isome faili la siri lililo ndani ya seva, na kueleza jinsi ya kuizuia. Hatari hiyo iliwekwa nafasi ya nne katika orodha ya OWASP ya mwaka 2017 ya hatari kuu za programu za wavuti. Kitabu cha mwaka 2001 kisicho nalo kina udhuru. Kinachojiita kipya hakina.

Kitabu kisicho na faharasa kabisa, kwa somo kama hili, ni nusu ya kitabu.

Jambo moja linawagusa zaidi wanunuzi wa mikoani: nakala zilizotolewa kivuli na kujalidiwa upya. Mbali na kuvunja Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, nakala hizo zina kasoro inayouma katika XML kuliko katika riwaya. Msomaji wa riwaya akikuta koma imefifia, maana haimpotei. Hapa alama ndogo ya kufungia ikimezwa na wino, au kistari cha mwisho wa mstari kikadhaniwa ni sehemu ya jina, mfano mzima unakataa, na anayeanza kujifunza hujilaumu yeye. Pitisha kidole kwenye namba za kurasa uhakikishe hazirukwi, kisha chagua ukurasa mmoja wenye mfano na ujaribu kuusoma kwa sauti, alama kwa alama. Usipoweza kutofautisha alama moja ya kunukuu na mbili, usikinunue.

Kabla ya kutoa fedha, unaweza pia kulinganisha. Maandishi ya kiwango chenyewe husomwa bure katika tovuti ya W3C. Ni magumu kwa anayeanza, lakini yanatosha kuthibitisha iwapo jambo fulani ndani ya kitabu ni kweli. Wachapishaji wenye sifa njema huweka hadharani orodha ya masahihisho ya vitabu vyao. Orodha ndefu isikutishe, maana huonyesha kwamba kuna anayesikiliza wasomaji.

Dai risiti, na uombe iandikwe jina la kitabu na toleo lake. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza mwenendo wa biashara unaomhadaa mlaji, na chini ya sheria ya uuzaji wa bidhaa, bidhaa iliyouzwa kwa maelezo sharti ilingane na maelezo hayo. Ukiambiwa ni toleo la tano na ndani ukakuta la pili, au ukauziwa nakala ya kivuli kwa jina la kitabu halisi, mrudie muuzaji mapema ukiwa na kitabu na risiti. Akikataa, peleka malalamiko kwa maandishi Tume ya Ushindani, ukiambatisha nakala ya risiti, picha ya jalada na picha ya ukurasa wa nyuma ya ukurasa wa jina, ule wenye mwaka na toleo.