Ngoma za Kupewa

Hakuna msee huchagua ngoma yake ya kwanza. Mabeste wangu hupenda kujigamba, ati "mimi nilianza na Tupac nikiwa nasari." Zii buda. Ulianza na chenye mathe alikuwa anaskia akifua, ama chenye dere wa mat aliamua asubuhi hiyo. Kuchagua kulikuja baadaye sana, na hata hapo sina uhakika kama ni sisi tulichagua.

Mimi ni wa Buru. Kejani redio ilikuwa ya mbuyu, na mbuyu alikuwa wa Les Wanyika tu. "Sina Makosa" ilitoka 1979, mimi hata sijapangwa, lakini zile gitaa naweza kukuchapia na mdomo saa hii, mwanzo mpaka mwisho, nikiosha vyombo. Hiyo ilikuwa ya nyumba. Ya njia ilikuwa 58. Nganya za Buru enzi hizo zilificha spika chini ya kiti ya nyuma, base inakupanda na uti wa mgongo, na makanga hana habari kama wewe ni mtoi na umevaa yunifomu. Hapo ndio nilijuana na E-Sir. Msee wa South C, Kiswahili imenyooka, anachana kama mtu hana haraka ya kufika mahali. Tarehe 16 Machi 2003 akadedi kwa ajali ya barabara akitoka shoo Nakuru. Alikuwa na miaka 21. Jumatatu yake 58 nzima ilikuwa E-Sir kutoka Buru hadi tao, na kwanza makanga hakuwa anaita watu, alikuwa tu amesimama mlangoni.

2004 Michuki, waziri wa uchukuzi, akaleta sheria zake, mat zikachapwa laini ya yelo, mikanda ikaingia, noizi ikashuka. Mathe naye akapata mboka ya unasi huku majuu. Tukatua Kingsbury.

Kama hujawai fika, Kingsbury iko Brent, kaskazini magharibi ya London, stesheni moja tu baada ya Wembley Park ukishika treni ya Jubilee. Usitarajie Big Ben. Ni barabara moja ndefu, Kingsbury Road, maduka ya Wahindi pande zote, mhogo wa kukaanga na pilipili, ndengu kwa gunia, na wazee wa miaka sabini na kitu wanakuuliza "habari ya nyumbani?" na lafudhi ya Ngara. Mara ya kwanza nilishtuka ile mbaya.

Basi ya shule ilikuwa 183. Haina makanga, haina taa za disko, dere amefungiwa kwa kioo. Lakini panda juu, enda hadi nyuma kabisa. Huko kulikuwa na mbogi na simu moja inalia kama mbu ndani ya mkebe, na hiyo simu ilikuwa na grime. Dizzee Rascal alikuwa ameshinda tuzo ya Mercury 2003 na "Boy in da Corner", na kila chali alikuwa anajaribu kuchana kama yeye. Sikuwa naskia hata neno. Lakini siti ya nyuma ni siti ya nyuma. Nikajua hapa naweza kukaa.

Baadaye ndio nikaanza kuchimba nani mwingine ametoka hii mtaa. Charlie Watts, dramaa wa Rolling Stones, alilelewa hapa. Jamaa alinunua banjo, ikamshinda, akaitoa shingo akaanza kuipiga kama ngoma. 1955 wazazi wake wakamnunulia seti ya dramu. Alisomea Tylers Croft, shule ambayo baadaye ilimezwa na Kingsbury High, na Kingsbury High ndiko alipita mwimbaji George Michael miaka ya 70 kabla familia yake ihame. Mbuyu yake alikuwa Mgiriki wa Cyprus mwenye mkahawa. Na unajua mtoi alianza na nini? Gramofoni ya kuzungusha na mkono, mathake alikuwa ameshaitupa huko gereji, na rekodi kadhaa za Supremes na Tom Jones. Takataka za mathe, manze. Saa hii mchoro wake mkubwa uko kwa ukuta hapo Kingsbury Road, umechorwa na Dawn Mellor 2020, na watu wanaupita wakibeba bamia.

Lakini risto yenye ilinimaliza si ya masupastaa. Kuna mzee fulani nilikuwa nanunua kwake unga. Siku moja nikiwa kwa laini nikaanza kuimba chini chini "Helule Helule" ya Daudi Kabaka, sijui hata ilitoka wapi. Akasimama na mizani mkononi. "Kijana, hiyo nani amekufundisha?"

"Ni ya mbuyu, mzee."

Akanichapia stori. Familia yao ilitoka Nairobi mapema 1968, wakikimbizana na wakati, ju Machi hiyo bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya wenye pasi za Kiingereza. Wakaingia. Baridi, chumba kimoja, hajui mtu. Halafu hata mwaka haujaisha, redio ya mwenye nyumba inapiga "Helule Helule", wazungu ndio wanaimba! Ni The Tremeloes, walikuwa wameichukua kwa Kabaka na ikapanda chati za huku. "Mimi nikaambia mwenye nyumba, hii ni yetu. Yeye akacheka, akafikiri naumwa." Mzee mwenyewe alicheka hadi akasahau kunirudishia chenji, na mimi sikuuliza.

Wajukuu wa wazee kama yeye nao wamepewa yao, na ni noma. Hekalu la Swaminarayan la hapo Kingsbury, lile lilifunguliwa 2014, liko na bendi ya bagpaipu. Ndio, zile za Wascotland, na sketi zake. Kiongozi wao wa dini alipotembea London mwanzo wa 70s aliziskia, akazipenda, bendi ikaundwa 1972. Sasa unapata chali wa miaka kumi na mbili, guka yake fundi wa mawe kutoka Nairobi, amefura mashavu akipuliza kitu ya Glasgow kwa siku kuu ya Kihindi. Uliza kama alichagua.

Mtoi wa siz yangu ako na miaka tisa, amezaliwa huku, Kiswahili yake ni ya kuombea maji. Juzi kwa ndae amenipokonya simu, ameeka Wakadinali, wale marapa wa Nairobi, halafu ananiuliza wanasema nini. Nikamfungulia mbili tatu. Zingine nikamwambia aulize mathake.